Makochi ya Mama Shani

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa ofisini kwa walimu, nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Mama Shani wa Ukonga amefariki, anazikwa leo baada ya adhuhuri. Aliyeutuma ni Shani, bintiye, na namba yangu sijui aliipata wapi. Kitu cha kwanza nilichofikiri, na ninakiandika kwa sababu sina tena umri wa kujipamba, hakikuwa pole. Nilifikiri: hawa wanataka nini? Miaka ishirini na ushee hatujasemezana, leo wananitafutia nini? Ndivyo nilivyo mie. Wanafunzi wangu wananijua. Mtoto akiniletea zawadi ya maembe namuuliza kwanza kafeli somo gani. Mume wangu husema mtu akinisifia gauni namwangalia kama kaniibia kitu. Sikuzaliwa hivyo. Kuna mwaka mmoja ulionifundisha kumshuku mtu, na aliyenifundisha, ndivyo nilivyoamini hadi mchana ule, alikuwa huyo huyo marehemu.

Nilikwenda. Nilijitanda khanga, nikaacha viatu mlangoni pamoja na vya wenzangu, nikakaa kwenye mkeka, kwenye kona, kati ya akina mama nisiowajua, ndugu wa marehemu waliotoka Mtwara. Wanaume walikuwa wameshakwenda makaburini. Nyumba ilikuwa ile ile tuliyopanga wote zamani. Baba Shani aliinunua baadaye, akavunja kuta mbili tatu, na ilinichukua muda kugundua kwamba pale nilipokaa ndipo ilipokuwa sebule yetu. Dirisha lilikuwa lile lile, chini kidogo mno, la kumlazimu mtu mzima ainame ili aone barabarani. Wanawake walikuwa wakilia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anaanza, na mimi nilikaa pale nimekauka macho. Nilijaribu kuvuta machozi kwa ajili ya watu, hayakuja. Nilikuwa na hasira na maiti, Mungu anisamehe.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Mimi na mama tulipanga chumba na sebule upande wa kushoto wa korido, na akina Shani chumba na sebule upande wa kulia, mlango ukitazamana na mlango. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, na dari haikuwepo, kwa hiyo siri haikukaa humo hata siku moja. Tulijua Baba Shani akikohoa, walijua mama akikosa usingizi. Sebule yetu ilikuwa ndiyo kiwanda: mashine ya mama ya kufumia masweta ya shule ilikaa katikati, nyuzi za bluu na za kijani zimetapakaa sakafuni, vigoda viwili, ndoo za maji zilizofunikwa kwa sinia, na kiti kimoja cha plastiki cha wateja, kilichokuwa na ufa hivi kwamba ilibidi umwonye mtu kabla hajakaa. Sebule ya akina Shani ilikuwa kitu kingine. Baba Shani alikuwa mchongaji, na makochi ya pale ndani aliyatengeneza kwa mikono yake: matatu, mbao nzito, miguu na mikono imechongwa majani, na mito myekundu iliyofunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma Mama Shani. Watu wakipita koridoni walikuwa wakisimama kuyachungulia. Hata mwenye nyumba akija kwa mambo yake alikuwa anaketi kwao, si kwetu.

Nilifanya mtihani wa kujiunga na shule moja ya bweni ya kule Kibamba, shule ya watu binafsi ambayo sitaitaja jina. Shani naye alifanya. Mie nilipita, yeye hakupita, na alinikumbatia tulipoambiwa, ingawa macho yalikuwa mekundu. Ada ya pale ilikuwa kitu ambacho mama hakukitamka. Aliikunja karatasi na kuiweka chini ya kitambaa cha mashine. Lakini barua ile ile ilieleza kwamba shule inatoa ufadhili kwa watoto wa familia zisizo na uwezo: utajaza fomu, utaleta barua ya serikali ya mtaa, na kamati itakuja nyumbani kuona hali yenu. Usiku ule nilisikia mama akizungumza na Mama Shani koridoni, wote wawili wakidhani nimelala. Mama alikuwa haamini. Alisema hakuna mtu duniani anayemchukua mtoto wa mwenzake, amlishe miaka minne, amfundishe Kiingereza, halafu asitake kitu. Mama Shani akasema labda ni sadaka yao. Mama akajibu kwamba sadaka inatolewa siku ya Ijumaa au Jumapili na inakwisha, haikai miaka minne.

Kilichomtisha zaidi nilikisikia siku chache baadaye, alipokuwa akimpimia sweta mteja mmoja aliyewahi kufanya kazi ya jikoni kwenye shule za namna ile. Mama yule alieleza kwamba wale wa ufadhili wanajulikana tangu siku ya kwanza. Wenzao wakienda kupumzika, wao wanaosha vyoo. Walimu wakitafuta mtu wa kutuma, wanajua wa kumtuma. Wakiona mtoto katoka kwenye nyumba ya shida, alisema, wanamchukulia kama msichana wa kazi waliyempata bure. Mama aliendelea kupima. Lakini tangu siku ile nikamwona ameanza kuitazama sebule yetu kwa jicho lingine, ukutani, sakafuni, kwenye kiti cha ufa.

Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa tulikaa asubuhi nzima. Mtendaji alikuwa kijana mpole, alichukua karatasi, akaanza kuandika kwa sauti: mama huyu ni mkazi wangu, ni mtu asiyejiweza. Mama akamkatiza pale pale. Alisema yeye anajiweza vizuri tu, ana mikono miwili na mashine, ila kwa ada ile kapungukiwa. Mtendaji akamweleza kwa upole kwamba shule inataka neno hilo hilo. Wakabishana, huyu anacheka, huyu hacheki, mpaka wakakubaliana kuandika kwamba mama ni mkazi mwema, mwenye hali ya kawaida. Muhuri ukagongwa. Tulirudi nyumbani na barua isiyosaidia kitu, na mama akatembea njia nzima kichwa juu.

Fomu niliijaza mimi kwa mwandiko wangu mzuri, mama akinisomea majibu huku anafuma. Familia hupata milo mingapi kwa siku? Mitatu, akasema. Nikamkumbusha kwamba asubuhi tunakunywaga chai ya rangi tupu. Akasema chai ni mlo, na waulize Wazungu. Baba yuko wapi? Safarini, andika. Safari yenyewe ilikuwa Morogoro, ilikuwa na mke mwingine na watoto wawili, na ilikuwa ina miaka mitano haijarudi, lakini niliandika safarini, na kwenye nafasi ya kazi yake nikaandika mfanyabiashara. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilijua kabisa kwamba fomu ile inaomba shida zetu na sisi tunaipa heshima zetu, na bado niliendelea kuandika, kwa sababu na mimi niliona aibu. Hilo nalo lazima liandikwe. Sikuwa nataka mwalimu wa Kibamba ajue kwamba baba yangu kaondoka.

Siku ya Alhamisi simu ikapigwa dukani kwa Mangi, pale ambapo mtaa mzima ulikuwa ukipokelea simu zake: wageni wa shule watafika Jumamosi saa sita. Mama akaacha mashine. Alifagia, akapiga deki, akatoa utando wa buibui kwenye mbao, na jioni ya Ijumaa akavuka korido kwenda kumwomba Mama Shani makochi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika ndoo. Mama Shani alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kukohoa, na siku ile hakucheka. Alimvuta mama kwa mkono hadi kwenye kizingiti.

"Mama Edita," akamwambia, "hawa watu wanakuja kutazama shida. Waache waione."

"Mgeni akija kwangu nimkalishe kwenye kigoda?"

"Mkalishe kwenye kigoda. Siku moja tu. Mtoto asome."

"Wakimkuta mtoto wangu kwenye kigoda," mama akasema, "watamweka kwenye kigoda miaka minne."

Mama Shani aliuachia mkono wa mama. Kisha akamwita mumewe, na makochi yakaanza kuvuka. Yalikuwa mazito kuliko tulivyodhani, na lile refu lilikataa kupita mlango wetu. Baba Shani alilazimika kulilaza ubavu, kulizungusha, kulitoa tena, kulipitisha kwa miguu. Yakaja na zulia. Ikaja stuli ya kioo. Zikaja glasi sita na jagi lake, na sahani zenye maua. Mashine ya mama ikafunikwa shuka, ikasukumwa chumbani nyuma ya kitanda. Nilipokaa kwenye kochi, ndani ya sebule yetu, nilijihisi mgeni kwetu, na nilifurahi, ndiyo, nilifurahi sana. Nilikaa pale hadi niliposukumwa kwenda kuchambua mchele.

Walifika wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa kike, mchangamfu, mwenye faili kifuani. Mwingine ni mzee wa kamati aliyevaa suti ya kaunda, ambaye aliitikia shikamoo yangu kwa kichwa na tangu hapo akanyamaza. Mama aliwakaribisha kwa pilau ya kuku. Kuku yule alikuwa mmoja kati ya wawili tuliokuwa nao. Mama alikaa pembeni ya kochi kana kwamba amekuwa akikaa hapo tangu aolewe, akamsogezea mwalimu kachumbari, akamwongezea mzee nyama. Mwalimu, huku anakula, akaanza kuuliza, na mama akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyojibu akiulizwa hali na mgeni. Maisha yanaendaje, mama? Tunamshukuru Mungu. Kuna changamoto zozote nyumbani? Za kawaida tu, hatuna neno. Baba anatuma matumizi? Hatujalala njaa. Kila jibu mwalimu aliliandika. Kila akiandika mie nilitamani nijitupe katikati ya zulia lile la watu na kusema ukweli wote, lakini mtoto hamsahihishi mama yake mbele ya wageni. Mwisho yule mzee akapitisha kiganja kwenye mkono wa kochi, kwenye majani yaliyochongwa, taratibu, akasema neno lake la kwanza na la mwisho humo ndani.

"Makochi mazuri."

"Karibuni sana," mama akajibu.

Hakusema ni yetu. Hakusema si yetu. Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

Walipoondoka, mama alibaki akikusanya sahani za watu kwa uangalifu, na aliyewasindikiza hadi barabarani akawa Mama Shani, aliyekuwa ameketi barazani muda wote anasuka ukili. Mie niliinama kwenye lile dirisha la chini. Nikaona mwalimu ametangulia, na Mama Shani amembakiza yule mzee nyuma. Anaongea haraka haraka. Anaonyesha mlango wetu kwa kidole, mara anajigusa kifua, mara anaonyesha mlango tena. Yule mzee anatikisa kichwa, na anatabasamu tabasamu moja la upande, la mtu aliyeambiwa jambo ambalo alikuwa analitegemea. Nilichokiona ni hicho tu. Miaka ishirini na ushee nimekila, nimekinywa.

Barua ilikuja wiki ya Krismasi. Nilimsomea mama akiwa kwenye mashine, iliyokwisha kurudi mahali pake, nami nimekaa kwenye kigoda changu. Ilikuwa fupi. Kwa kuzingatia tuliyoyaona nyumbani, pamoja na maelezo ya jirani, kamati imejiridhisha kwamba familia inao uwezo wa kumlipia mwanafunzi. Nilisoma hadi kwenye sahihi, nikarudi juu. Mama aliacha kufuma.

"Jirani gani?" akauliza.

"Mama Shani," nikasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anatuonyesha kidole."

Nikamweleza yote, na mengine nikayaongeza, kwa sababu kufikia hapo nilikuwa nimeshaijua sababu yake pia: Shani kafeli, mie nimepita, na mama yake kaona donge. Ilikaa vizuri sana ile sababu, kila kitu kiliingia ndani yake. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea atapiga kelele, atavuka korido, nyumba itawaka moto. Aliuokota uzi ulioanguka, akaufunga fundo. Kisha akasema, "Basi," akaendelea kufuma.

Ndiyo mwaka ulivyokuwa baada ya hapo. Januari wenzangu walikwenda Kibamba na masanduku yao ya bati, mie nikaanza kidato cha kwanza shule ya kutwa, madarasa yanajengwa huku tunasoma, mwalimu wa hesabu hatukumwona hadi mwezi wa tano. Nyumbani ilikuwa kimya. Wanawake wawili waliokuwa wakipikia koridoni, mkaa wao mmoja, chumvi yao moja, sasa walipika wamepeana migongo, na moshi wa huyu unakwenda kwa yule bila mtu kusema pole. Mama alikuwa akimsalimia Mama Shani kwa kichwa, akipita haraka, hamtazami usoni. Mie niliisoma ile kama chuki ya heshima, nikamwiga, na nikamzidi. Shani alinisubiri mlangoni wiki nzima ya kwanza ili twende shule pamoja, siku ya tano nikamwambia asinisubiri, mama yake ni mnafiki. Nililisema neno hilo kwa sauti, bati lilibeba lilivyobeba, na upande wa kulia wa korido kikohozi kikakatika.

Kuna siku moja ambayo sipendi kuikumbuka. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Miaka yote bakuli la futari lilikuwa linavuka korido kuja kwetu, na sisi Krismasi tunapeleka pilau kwao. Mwaka ule Mama Shani alileta tena, mihogo ya nazi, imefunikwa kitambaa cheupe kile cha kochi. Mama alikuwa chumbani. Nilimwita, nikamwambia nani kaleta nini. Hakutoka. Alisema kutoka ndani nifanye ninavyoona. Fikiria, kuniachia mie, mtoto wa miaka kumi na mitano mwenye nyongo, nifanye ninavyoona. Nililibeba bakuli lile la moto, nikavuka hatua nne, nikaliweka chini kwenye kizingiti chao kama mtu anayemwekea mbwa, nikageuka. Mama Shani alikuwa amesimama ndani. Alisema tu, "Haya, mwanangu." Mwisho wa mwaka tukahamia Kipawa, na hatukuaga.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale kwenye mkeka, waliporudi wanaume kutoka makaburini na chakula kikaanza kupita kwenye masinia. Shani alikuja akakaa kando yangu. Amenenepa, amefanana na mama yake hadi inatisha. Tulipeana pole. Akaniuliza watoto, nikamuuliza watoto. Halafu nikashindwa kuvumilia. Mwenye heshima asingeuliza siku ile, lakini nilijua nikitoka mlango ule sitarudi tena.

"Shani, nisamehe. Mama yako aliwaambia nini wale watu wa shule?"

Hakushtuka. Alikuwa amelingoja swali lile, nadhani ndiyo maana alinitafuta. Akanieleza kwa sauti ya chini, huku anakata tonge na kulirudisha kwenye sinia. Mama yake alimwambia yule mzee ukweli. Alimwambia makochi ni yake, zulia ni lake, sahani ni zake, kwamba wale hawana kitu, wanakalia vigoda na baba katoroka, kwamba yule mama anaona haya tu, mtoto asiadhibiwe kwa haya za mama yake. Na yule mzee akacheka. Kwani kila mwaka, Shani alisema, watu wakisikia kamati inakuja wanahamishia vitu vyao kwa jirani, na vile vilivyobaki ndani jirani anaapa ni vyake. Walizoea. Jirani anayekufuata hadi barabarani kuapa makochi ni yake, bila kuulizwa, huyo kapangwa, na aliyempanga ana mali anayoificha. Barua ilipokuja, mama yake alipanda gari hadi Kibamba kuapa tena, peke yake, bila kumwambia mtu. Akasema nendeni mkatazame miguu ya makochi, ni kazi ya mume wangu, nendeni dukani kwake mkafananishe. Karani akamwambia mama, tunawajua nyinyi, rudi nyumbani.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia.

"Nilimuuliza mie mwenyewe, siku ile uliyorudisha bakuli," Shani akasema. "Nililia, nikamwambia nenda kawaambie. Akaniambia: nikieleza, Mama Edita atajua ni yeye aliyemnyima mtoto wake shule. Bora anichukie mie kuliko ajichukie yeye."

Machozi yaliyokataa mchana kutwa yalikuja yote. Akina mama wa Mtwara wakanishika mabega, wakiniambia nimwombee marehemu, hawakujua nalilia nini. Nilijionea aibu hadi kwenye mifupa. Mwalimu mzima, mtu wa kusahihisha wenzake, na jambo lilikuwa wazi kama mchana: kamati ilikuta makochi, ikaandika makochi. Sikuhitaji jirani mwovu kulielewa. Lakini nilimhitaji, kwa sababu bila yeye ningebaki na mama yangu na mimi mwenyewe, na majibu ya ile fomu niliyoyaandika kwa mwandiko mzuri. Na kushuku kuna utamu wake, asikudanganye mtu. Kunakufanya ujione mwerevu.

Mama anakaa kwangu Kipawa sasa, magoti yanamsumbua. Asubuhi nilipopitia nyumbani kuchukua khanga na kumwambia kuna msiba Ukonga, alisema hajisikii vizuri, nimpelekee salamu. Nilirudi saa kumi nikamkuta sebuleni na ungo wa mchele mapajani, kauinamia ili azione punje. Njia nzima nilikuwa nimeapa kwamba sitamwambia. Mama Shani aliitunza siri ile hadi kaburini kwa ajili yake, mie ni nani wa kuimwaga?

Akauliza watu walikuwa wengi. Nikasema wengi. Akauliza kafa na nini. Nikasema sukari. Akaendelea kuchambua, punje moja moja, halafu bila kuinua uso akauliza Shani kaniambia nini. Nikasema hajaniambia kitu, tumepeana pole tu.

"Umelia," mama akasema. "Wewe humlilii mtu usiyempenda."

Akauweka ungo chini.

"Nilijua, Edita. Siku uliyonisomea barua, nilijua. Mtu kala kuku wangu kwenye kochi, kaandika nina uwezo. Kosa la nani? Lakini wewe ukasema ni Mama Shani, ukanitazama. Nikaona nikikwambia ni mimi, hutanitazama hivyo tena. Nikamwacha alibebe."

Nilisimama. Sijawahi kumkasirikia mama yangu kama nilivyomkasirikia wakati ule, na nitakuwa mwongo nikisema imekwisha. Nilitaka kumuuliza kuhusu bakuli, kuhusu kile chumba alichokaa ndani yake akanituma mie. Nilitaka kumuuliza kama anajua amenifanya mtu wa namna gani. Alikuwa ananiangalia kutoka chini kwenye kiti, mzee, mikono imejaa vumbi la mchele, anangoja nimpige kwa maneno. Na nikaona kwamba wakati wote ule alipokuwa akipita koridoni bila kumtazama mwenzake usoni, ile haikuwa chuki.

"Vaa viatu," nikamwambia.

"Nitakwenda kusema nini huko?"

"Sijui, mama. Vaa."

Tulifika jua likiwa bado lipo. Nilimshika mkono hadi mlangoni, akainama kwa shida kuvua vile viatu nilivyomvalisha, na wanawake wakasogea kumpisha kwenye mkeka. Shani alitoka jikoni, akamwona, akasimama. Mama hakungoja salamu. Alisema pale pale, mbele ya watu wasiomjua, kwa sauti iliyosikika nyumba nzima, kwamba marehemu hakumfanyia kitu, kosa lilikuwa lake yeye, na alilijua tangu siku ya kwanza.

Wanawake wakatazamana. Shani alisogea hadi kwenye mkeka, nami nikafikiri atatufukuza, na ningeona haki. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yangu, akamshika mikono.

"Kaa, mama," akamwambia. "Mama alisema siku ukija tusikuulize kitu. Tukupe chai."